Vidole vinavyoijua njia: kufungua na kuhama programu bila kugusa kipanya

Saa nne asubuhi, katika duka la stesheneri jirani na kituo cha daladala jijini Dar es Salaam, kompyuta moja inahudumia watu sita kwa wakati mmoja. Mteja wa kwanza ametuma vyeti vyake kwa WhatsApp na anataka vichapwe. Wa pili anasubiri tarehe irekebishwe kwenye barua yake ya maombi ya kazi. Wa tatu yuko katikati ya fomu ya chuo kwenye kivinjari, na mfumo ule hauvumilii kuachwa muda mrefu bila kuguswa. Kuna Word, kuna Excel yenye mahesabu ya siku, kuna faili tatu za PDF, kuna dirisha la printa linalosema karatasi zimekwisha. Kijana aliyekaa mbele ya skrini anaijua kazi yake vizuri. Mtazame mkono wake wa kulia. Unaacha vitufe, unashika kipanya, unashusha mshale hadi mwambaa wa chini, unasita juu ya alama ya Word, unafungua barua isiyo yenyewe, unarudi kuchagua nyingine, ndipo unapanda tena kwenye kibodi. Kabla hajaandika sentensi moja, mteja wa tatu anamwita.

Upande wa kushoto wa kibodi hiyohiyo, Alt na Tab vimekaa tu.

Ninaamini kwamba mafunzo yetu ya kompyuta yameanzia mahali pasipostahili. Tunamfundisha mtu programu moja baada ya nyingine, Word wiki hii na Excel wiki ijayo, halafu tunamwacha ajitafutie mwenyewe namna ya kutoka hii kwenda ile. Na kazi ya siku hizi iko hapohapo kwenye kuhama. Ni nadra mtu wa ofisini kukaa ndani ya programu moja kwa saa nzima. Anasoma barua pepe, ananakili namba, anaibandika kwenye jedwali, anahakiki kwenye hati ya zamani, anarudi kujibu. Akiwa mwepesi ndani ya kila programu lakini mzito katikati yake, siku yake yote itakuwa nzito.

Tuanze na Alt na Tab, kwa sababu wengi wameisikia na wachache wanaitumia kwa ukamilifu wake. Shikilia Alt kwa kidole gumba cha kushoto. Bila kuiachia, gonga Tab mara moja, kisha achia vyote viwili. Dirisha ulilotoka sasa hivi linarudi mbele yako. Rudia, na unarejea ulipokuwa. Ukiendelea kushikilia Alt, safu ya madirisha yote yaliyo wazi inabaki kwenye skrini, na kila ukigonga Tab uteuzi unasogea hatua moja. Ukipita ulipotaka, ongeza Shift na utarudi nyuma. Ukighairi kabisa, gonga Esc ungali umeshikilia Alt, nawe utabaki ulipokuwa. Uchaguzi unathibitishwa wakati wa kuachia Alt, na hapo ndipo wanaojifunza hukwama: wanaachia mapema, kabla jicho halijafika, kisha wanalalamika kwamba njia hii inawapeleka kokote.

Kinachonivutia zaidi ni mpangilio wa safu ile. Madirisha hayakupangwa kwa alfabeti wala kwa aina ya programu. Yamepangwa kwa jinsi ulivyoyatumia: la karibuni mbele, lililosahaulika nyuma kabisa. Mtu anayehamisha majina kutoka faili la PDF kwenda Excel hahitaji kufikiri chochote kuhusu yalipo madirisha hayo mawili. Kwa sababu anayatumia kwa kupokezana, yatakuwa jirani siku nzima, hata kama nyuma yake yamefunguka madirisha ishirini. Sehemu kubwa ya kazi za ofisini huenda kwa jozi namna hii: barua na jibu lake, rasimu na nakala iliyosahihishwa, orodha ya wanafunzi na jedwali la alama, risiti na daftari la mahesabu. Aliyefikiria mpangilio huu alielewa kwamba mtu aliyeko kazini hukumbuka alikotoka kuliko anavyokumbuka mahali kitu kilipowekwa.

Vijana waliokulia kwenye simu wanalijua jambo hili kwa vidole vyao, ingawa hawajalihusisha na kompyuta. Tangu Android 7 ilipotoka mwaka 2016, ukigonga mara mbili kitufe cha programu za karibuni, simu inakurudisha kwenye programu uliyotoka. Anayepokezana kati ya ujumbe na M-Pesa kwa njia hiyo tayari ana fikra ya Alt na Tab kichwani. Mwalimu wa kompyuta angeanzia hapo, angeokoa muda mwingi.

Mpangilio huu una mpaka wake. Kwa madirisha mawili unafanya kazi bila macho, kwa matatu bado unafaa, lakini kuanzia la nne na kuendelea safu inabadilika kila unapohama, na lililokuwa la tano asubuhi huenda likawa la pili mchana. Inakubidi uangalie na uhesabu. Kuna jambo jingine lililoongezwa na sasisho la Windows 10 la Oktoba 2020: vichupo vya kivinjari cha Edge vilianza kuonekana ndani ya safu ileile, kana kwamba kila kimoja ni dirisha linalojitegemea. Kwa mtu mwenye vichupo vingi, jozi yake nzuri ya PDF na Excel inaingiliwa. Fungua Mipangilio, ingia sehemu ya Mfumo, tafuta ukurasa unaohusu kazi nyingi kwa pamoja, na uchague Alt na Tab ionyeshe madirisha tu. Ningeshauri kila ofisi inayotumia Edge ifanye hivyo leo.

Uwezo wa kuhama haukuwepo tangu mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye kompyuta za IBM zilizotumia DOS, hapakuwa na mahali pa kuhamia. Programu moja ilichukua skrini yote. Ukiwa katikati ya barua ukahitaji kupiga hesabu, ulihifadhi barua, ukatoka, ukafungua programu ya hesabu, ukaandika jibu kwenye karatasi, ukatoka tena, ukairudia barua. Mwaka 1984 kampuni ya Borland, iliyoongozwa na Mfaransa Philippe Kahn, ilianza kuuza programu iliyoitwa SideKick. Hiyo ilikaa kimya ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ikisubiri. Ulipobonyeza Ctrl na Alt kwa pamoja, ilitokea juu ya kazi uliyokuwa ukiifanya, ikiwa na kikokotoo, daftari dogo na kalenda. Ulipomaliza, ilijiondoa na barua yako ikabaki vilevile, mshale ukipepesa kwenye neno lilelile. Watu waliipenda sana. Nikiitafakari leo naona walichokipenda ni kule kurudi: kukuta mawazo yao yako pale walipoyaacha.

Upande wa Apple, Macintosh ya Januari 1984 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, na kwa kawaida iliendesha programu moja kwa wakati mmoja. Kibodi yake haikuwa hata na vitufe vya mishale, maana Steve Jobs alitaka watu walazimike kuzoea kipanya. Mwaka uliofuata Andy Hertzfeld, mmoja wa waandishi wakuu wa programu za mashine hiyo, alitengeneza Switcher kwa ajili ya Macintosh zenye kilobaiti 512. Programu kadhaa ziliweza kukaa kwenye kumbukumbu kwa pamoja, na ulipohama, skrini nzima iliteleza pembeni na nyingine ikaingia. Mtelezo ule ulimwonyesha mtumiaji kwamba kazi ya kwanza haijapotea, imesogezwa tu. Mawazo ya namna hiyo ni ya kuheshimiwa. Mtu anayeogopa kupoteza kazi yake hahami kwa utulivu, na hofu hiyo bado ninaiona kwa watu wazima wanaoanza kompyuta: wanafunga kila kitu kabla ya kufungua kingine.

Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilionyesha kiboksi katikati ya skrini chenye alama na jina la programu moja, kikibadilika kila ulipogonga Tab. Windows 95 ikapanga alama zote kwa safu. Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, ikaweka picha ndogo za madirisha yenyewe. Sura ilibadilika kila mara, mguso wa vidole haukubadilika. Aliyejifunza Alt na Tab mwaka 1992 anaweza kukaa mbele ya kompyuta mpya leo na akahama bila kuuliza.

Linganisha na yaliyompata aliyetegemea macho na kipanya. Office 2007 iliondoa menyu zilizozoeleka na kuweka utepe wa alama, na makarani waliokuwa wakiifungua menyu ya tatu kutoka kushoto wakajikuta wageni kwenye kazi yao wenyewe. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha Start kilichokuwa kwenye kona ya chini tangu 1995. Kilirudishwa mwaka uliofuata baada ya malalamiko mengi. Windows 11 ya mwaka 2021 ikakisogeza katikati. Katika misukosuko yote hiyo, Ctrl na S iliendelea kuhifadhi, Alt na F4 iliendelea kufunga, Alt na Tab iliendelea kuhamisha. Kwa nchi ambazo ofisi moja inaweza kuwa na Windows 7, Windows 10 na Windows 11 kwenye meza tatu zinazofuatana, ujuzi wa aina hii una thamani kubwa kuliko ule wa kukumbuka alama iko wapi. Na pale kipanya kinapokufa, au sehemu ya kugusa ya laptop iliyonunuliwa ikiwa imetumika inapogoma, mwenye ujuzi huu anamaliza kazi ya siku. Asiye nao anaahirisha.

Sasa njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu inastahili kufundishwa kabla ya nyingi nyingine, na ambayo sijaiona ikifundishwa popote kwa uzito wake. Kitufe chenye alama ya Windows kilianza kuonekana kwenye kibodi ya Microsoft ya mwaka 1994. Tangu Windows 7 ya mwaka 2009, kitufe hicho pamoja na namba kimepewa kazi mbili kwa pamoja. Tazama alama zilizobandikwa kwenye mwambaa wa chini, ukihesabu kutoka kushoto na kuanzia programu ya kwanza baada ya kitufe cha Start. Shikilia kitufe cha Windows na ugonge 1: programu ya kwanza inafunguka. Kama tayari iko wazi, inakuja mbele. Gonga 2, inakuja ya pili. Huhitaji kukumbuka kama uliifungua au la, kompyuta ndiyo itakayojua. Kama ni Word yenye barua nne wazi, endelea kushikilia kitufe cha Windows na urudie namba yake, utapita barua moja baada ya nyingine. Ukiongeza Shift, inafunguka mpya.

Tofauti ya njia hii na ya kwanza ni ya msingi. Alt na Tab inafuata wakati, yaani kipi kilitumika mwisho. Windows na namba inafuata mahali, na mahali hapo unapapanga mwenyewe na hapabadiliki hata ukiwasha kompyuta kesho kutwa. Kwa hiyo vidole vinaweza kujifunza, kama vidole vya mama anayefikia chumvi jikoni kwake gizani. Buruta alama zako uzipange kwa kufuata kazi: ningeweka mafaili kwenye 1, kivinjari kwenye 2, Word kwenye 3, Excel kwenye 4, barua pepe kwenye 5. Usizidishe. Namba ya saba na ya nane mkono wa kushoto hauzifikii bila kunyooka, na hapo faida inaanza kupungua. Jambo ambalo msimamizi wa ofisi anaweza kulifanya kwa nusu saa ni kuzipanga kompyuta zote sawasawa, ili karani akihamia meza ya mwenzake, 3 iendelee kuwa Word. Duka la stesheneri lenye mashine nne lingefaidika na hili kuliko kununua mashine ya tano.

Soma matangazo ya ajira za makatibu mahsusi serikalini. Kwa miaka mingi yamedai mwombaji awe amesomea uhazili, awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika, na awe amepata mafunzo ya programu za ofisi kama Word, Excel, PowerPoint, intaneti na barua pepe. Ni masharti yenye heshima na historia yake. Wahitimu wa uhazili, hasa wale waliojifunza kwenye mashine za chapa, wana vidole ambavyo wengi wetu hatutakuwa navyo: wanaandika wakimwangalia anayewaagiza, mikono haiachi safu ya kati ya vitufe. Ila ukisoma masharti yale kwa makini utaona kwamba kasi inapimwa ndani ya ukurasa, na programu zinatajwa moja moja. Kutoka kwenye Excel kwenda kwenye barua pepe na kurudi, jambo ambalo katibu atalifanya mara nyingi zaidi ya hatimkato, halimo. Mtu mwenye maneno 80 kwa dakika anaachia vitufe vyake vyote ili kutafuta dirisha. Hilo linaniuma kuliona, kwa sababu ni mtu yuleyule ambaye angelijifunza kwa mchana mmoja.

Kuna njia ya tatu, ya kuita kwa jina, na hii nitaipita haraka kwa kuwa ni rahisi. Gonga kitufe cha Windows na ukiachie, andika herufi tatu nne za programu unayoitaka, gonga Enter. Inafaa kwa programu unazozitumia mara moja kwa wiki na ambazo hazistahili kupewa nafasi kwenye mwambaa. Kwenye Mac, tangu mwaka 2005, Command na kitufe kirefu cha nafasi hufanya vivyo hivyo. Ukitaka programu fulani iwe na mlango wake mwenyewe, bofya kwa kitufe cha kulia alama yake iliyo kwenye eneo-kazi, fungua sifa zake, weka mshale kwenye kisanduku cha kitufe cha mkato, na ubonyeze herufi unayoitaka. Windows yenyewe itaongeza Ctrl na Alt mbele ya herufi hiyo. Watumiaji wa Mac wajue pia kwamba Command na Tab kwao huhama kati ya programu na siyo kati ya madirisha. Anayetoka Windows huchanganyikiwa hapo kwa siku za mwanzo.

Je, haya yote yanaokoa muda kweli? Swali hili limefanyiwa kazi kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1980 Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walichapisha namna ya kukadiria kazi ya mkono kwenye kompyuta kwa sehemu za sekunde. Kugonga kitufe kimoja kwa mwandishi wa kawaida aliyezoea walikipa takriban sekunde 0.2. Kuhamisha mkono kati ya kibodi na kipanya, 0.4. Kupeleka mshale kwenye kitu fulani, 1.1. Kujiandaa kiakili kabla ya tendo, 1.35. Chukua takwimu hizo upige hesabu ya kuhama dirisha. Kwa kipanya: mkono kwenda 0.4, kuelekeza 1.1, kubofya 0.2, mkono kurudi 0.4, jumla sekunde 2.1. Kwa Alt na Tab: vitufe viwili, sekunde 0.4. Tofauti ni sekunde 1.7. Mtu anayehama mara 300 kwa siku ataokoa dakika nane na nusu. Ni kitu, lakini si kitu cha kubadilisha maisha ya mtu.

Zaidi ya hapo, kuna wenye uzito wanaopinga hata hilo. Bruce Tognazzini, aliyefanya kazi Apple tangu siku zake za awali, aliandika mwaka 1989 kwamba katika majaribio yao waliotumia vitufe walijiona wana kasi, ilhali saa ilionyesha wa kipanya ndio waliotangulia. Maelezo yake yalikuwa kwamba kukumbuka mkato wenyewe kunachukua muda ambao mtu hauhisi. Naichukulia hoja hiyo kwa heshima, na nadhani ni ya kweli kwa mikato inayotumika mara chache. Anayesimama kujiuliza ni herufi gani inayopanga aya katikati, bora achukue kipanya. Lakini kuhama dirisha hakumo katika kundi hilo. Ni tendo linalorudiwa mamia ya mara, na kinachorudiwa hivyo huacha kuhitaji kukumbukwa. Sekunde ile 1.35 ya kujiandaa hutoweka.

Na kwangu mimi hoja yenye nguvu haiko kwenye sekunde. Kipanya kinadai macho. Ili kuupeleka mshale mahali, lazima uliache neno ulilokuwa ukilitazama, ushuke chini, uchague kati ya alama, kisha urudi na kulitafuta neno lako. Anayenakili namba ya akaunti yenye tarakimu kumi na tatu akiwa ameishika kichwani, safari hiyo fupi ya macho inatosha kumfanya asahau mbili za mwisho. Kwa vitufe, macho hayasafiri. Dirisha ndilo linalokuja yalipo. Mhasibu, mhariri, mfasiri, karani wa mahakama anayelinganisha hukumu mbili, wote hawa wanabeba kitu kichwani wanapohama, na chombo kinachowasaidia wasikiangushe ni chombo bora hata kama saa ingeonyesha sare.

Lakini uzoefu peke yake haumfikishi mtu huko. Mwaka 2005 David Lane wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji watumiaji 251 wazoefu wa Microsoft Word. Wengi wao, hata kwa amri zinazotumika kila siku, waliendelea kubofya alama. Miaka ya kukaa mbele ya skrini haikuwahamisha. Mtu akishapata njia inayofanya kazi huwa hatafuti nyingine, na haikuwa kosa lao: hakuna aliyewaonyesha.

Kuna watumiaji wa kompyuta ambao kwao mjadala wa kipanya na kibodi haupo kabisa. Kwa asiyeona, mshale unaotembea kwenye skrini hauna maana yoyote. Yeye hutumia kibodi peke yake, vidole vikijipima kwa vile vinundu viwili vidogo vilivyo juu ya F na J, na kompyuta inamsomea kwa sauti kilicho mbele yake. Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana mbio za pikipiki, alipoteza uwezo wa kuona kwa ajali ya gari mwaka 1978. Akajifunza kuandika programu, na mwaka 1987 akaanzisha na Bill Joyce kampuni iliyotengeneza JAWS, kisoma-skrini kilichotoka kwa DOS mwaka 1989 na kwa Windows mwaka 1995. JAWS ni nzuri na bei yake ni kubwa. Mwaka 2006 nchini Australia, Michael Curran, naye asiyeona, alianza kuandika NVDA, na James Teh, asiyeona pia, akaungana naye. NVDA ni ya bure, kwa kila mtu, mahali popote. Inakuja na sauti ya eSpeak, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Si sauti tamu, lakini inaeleweka.

NVDA ikishawekwa kwenye kompyuta, hufunguliwa kwa Ctrl, Alt na N. Fikiria uzito wa mkato huo mmoja. Kabla haujabonyezwa, mashine iko kimya na mwenye nayo hajui imesimama wapi. Ukibonyezwa, inaanza kusema. Baada ya hapo Alt na Tab ndiyo barabara yake kuu: kila akigonga, anasikia jina la dirisha linalofuata, na anaachia Alt akisikia analolitaka. Akipotea, Insert na T humsomea jina la dirisha alilomo. Windows 10 na 11 zina kisoma-skrini chao pia, kinachowashwa kwa kitufe cha Windows, Ctrl na Enter, kwa hiyo hata kompyuta ya kuazima inaweza kuanza kuongea bila kuwekewa chochote.

Hapa kuna jambo ambalo sisi tunaoona tunapaswa kulijua, kwa sababu linatuhusu moja kwa moja. Anachosikia mwenzetu akigonga Tab ni jina la faili tulilomtumia. Ukimtumia mafaili manne yanayoitwa Document1, Document2, scan003 na scan004, umempa milango minne isiyo na tofauti. Ukiyaita Barua ya likizo Juni, Bajeti ya robo ya pili, Muhtasari wa kikao na Orodha ya wajumbe, anahama kwa kasi ileile unayohama wewe, pengine kukupita. Nimewaona wasioona wakifanya kazi na sauti ikisoma kwa kasi ambayo sikio langu halikuweza kuifuata, wakihama madirisha matano kabla sijaelewa lile la kwanza. Hao ndio mabingwa wa ujuzi huu, na ningependa kuona chuo kikimwajiri mmoja wao kuwafundisha makatibu wanaoona.

Mwenye mkono mmoja, au mwenye vidole visivyoweza kushikilia viwili kwa pamoja, naye hajasahaulika, ila hajaambiwa. Gonga Shift mara tano mfululizo. Windows itauliza kama unataka vitufe vinavyonata, ukubali. Tangu hapo, Alt inagongwa na kuachiwa, kisha Tab inafuata peke yake, na kompyuta inazihesabu kuwa zimebonyezwa pamoja. Ukiigonga Alt mara mbili inajifunga, unapita madirisha kwa Tab utakavyo, kisha unaigonga tena kuifungua. Wengi wamekutana na swali lile la Shift kwa bahati mbaya na kulifunga kwa kero, bila kujua liliwekwa kwa ajili ya nani.

Mwalimu anayeanza na darasa jipya Jumatatu ijayo anaweza kulijaribu hili. Achomoe vipanya vyote avifungie kabatini kwa kipindi cha kwanza. Wanafunzi wagonge kitufe cha Windows, waandike notepad, wagonge Enter. Wafanye hivyo tena kwa kikokotoo. Awape ubaoni bei za bidhaa kumi, wazijumlishe kwenye kikokotoo na kuandika kila jumla kwenye Notepad, wakihama kwa Alt na Tab hadi waache kutazama vidole. Kisha afungue dirisha la tatu kwenye kila mashine na kuwauliza safu imebadilikaje, na kwa nini. Word isubiri kipindi cha pili.